AJALI YA MJENGONI INA KINGA

"Ajali haina kinga." Sina shaka kila msomaji wa jarida hili ameisikia methali hii, na wengi wetu tumeitia kwenye insha tukaongezewa alama. Mtu akianguka kutoka ghorofani watu hukusanyika, hutikisa vichwa, mmoja akasema ajali haina kinga, wengine wakaitikia, kisha kazi ikaendelea. Mimi, kwa heshima zote kwa wahenga, sikubaliani na matumizi hayo. Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, tuanze na neno lenyewe. Ajali limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni muda uliowekwa, yaani siku ya mtu iliyokwisha kuandikwa. Kamusi zetu hadi leo zinatoa maana hiyo ya majaliwa, pamoja na ile tuliyoizoea ya tukio la ghafla lenye madhara. Kwa maana ya kwanza methali ni kweli tupu, kwani nani awezaye kuikinga siku yake? Lakini jiwe lililoachwa ukingoni mwa slabu si majaliwa. Liliwekwa pale na mtu, na mtu angeweza kuliondoa.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza yale ambayo watafiti wamekwisha kuyagundua kuhusu usalama katika kazi ya ujenzi, na kwa nini maarifa hayo huchelewa kumfikia fundi aliye juu ya jukwaa. Huenda mkauliza, kidato cha tatu na mjengo wapi na wapi? Baba yangu ni mwashi. Tena tangu muhula wa kwanza mwaka huu amekuwa akifanya kazi papa hapa shuleni, katika lile jengo jipya la madarasa linaloinuka nyuma ya maktaba. Wengi wenu mnamfahamu kwa kofia yake ya sufi, ambayo haivui hata jua likiwaka vipi.

Muhula wa pili mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha mwendo wa vitu vinavyoanguka. Mnaikumbuka ile fomula: mraba wa kasi ya mwisho ni sawa na mbili mara mvutano wa ardhi mara kimo. Wenzangu walikuwa wakikokotoa habari ya mpira uliodondoshwa kutoka mnarani. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na dirisha, na jukwaa alilosimama baba lilikuwa yapata mita 6 kutoka chini. Basi nikaweka 6. Mbili mara 10 mara 6 ni 120, na kipeuo chake cha pili ni karibu 11. Mita 11 kwa sekunde ni kama kilomita 39 kwa saa. Safari yote, kutoka mbao za jukwaa hadi kwenye kokoto, huchukua sekunde 1 na nukta kidogo. Mtu hana nafasi hata ya kusema "Mungu wangu". Nikafanya hesabu ya pili, ya nyundo kutoka mita 9, ambako ghorofa ya pili itafika: kilomita 48 kwa saa. Na chini ya jukwaa hilo ndipo tulipokuwa tukipita sote kwenda bombani wakati wa mapumziko.

Baada ya kipindi nilimwendea mwalimu, naye akanielekeza kwenye vitabu na maandishi ya wataalamu wa usalama kazini. Nilidhani nitakuta habari za helmeti. Nikimuuliza mwanafunzi yeyote hapa, "Usalama wa mjengoni ni nini?" atanijibu, "Helmeti na gambuti." Lo! Kumbe kwa wataalamu helmeti ndiyo ya mwisho kabisa.

Wao wana ngazi ya hatua tano. Hatua ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe isiwepo. Ikishindikana, badilisha kitu cha hatari kwa kingine kilicho afadhali. Ikishindikana hiyo pia, weka kizuizi kati ya mtu na hatari. Ndipo zifuate kanuni, mafunzo na mabango ya kuonya. Mwisho wa yote, mvalishe mtu vifaa. Taasisi ya utafiti wa usalama na afya kazini ya Marekani, NIOSH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1970, huichora ngazi hii kama piramidi iliyopinduliwa: juu pana, chini nyembamba, na helmeti iko pale kwenye ncha.

Chukua mfano wa paa. Ukiunganisha mbao za paa chini ardhini kisha ukaliinua paa zima kwa winchi, umeondoa saa nyingi za mtu kuning'inia hewani. Usipoweza, funga reli pande zote za ukingo. Usipoweza kabisa, ndipo umpe mtu mkanda na kamba ya kujifunga. Sababu ya mpangilio huu ni rahisi, nami naiona ya busara sana. Mkanda hufanya kazi endapo mtu atakumbuka kuufunga, kila mara, hata saa kumi jioni akiwa amechoka na ana njaa. Reli haingoji mtu akumbuke. Ipo tu.

Mfano mashuhuri wa jambo hili ni daraja la Golden Gate huko San Francisco, Marekani, lililojengwa kati ya mwaka 1933 na 1937. Enzi hizo wajenzi wa madaraja walikuwa na hesabu yao ya kutisha: kila dola milioni moja itakayotumika, tarajia mtu mmoja kufa. Hiyo waliiona kawaida, kama sisi na methali yetu. Mhandisi mkuu, Joseph Strauss, alilazimisha kila mtu avae kofia ngumu, lakini alifanya na jambo kubwa zaidi. Alitandika wavu chini ya daraja lote, kwa gharama ya dola 130,000 hivi. Watu 19 walianguka wakanaswa na wavu huo wakiwa hai, wakaunda na chama chao cha utani cha waliofika nusu ya njia ya kuzimu. Hata hivyo, tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zito liling'oka, likaupasua wavu, na watu 10 wakafa kwa mara moja. Jumla ya waliokufa ni 11. Kwa hiyo hata wavu una kikomo, lakini wale 19 walikwenda nyumbani kwao.

Sasa niingie katika habari iliyonifurahisha kuliko zote, nayo ni ya simiti. (Kamusi inapendelea saruji. Lakini nenda mjengoni useme, "Naomba saruji," uone watakavyokucheka.)

Viganja vya baba yangu vimepasukapasuka kama ardhi ya kiangazi. Kila jioni hujipaka Arimis, ile ya kukamulia ng'ombe, na asubuhi ni yale yale. Simiti ikitiwa maji huwa alikali kali sana, pH yake hupita 12, na hiyo peke yake yatosha kuula ngozi. Lakini watafiti wa magonjwa ya ngozi waligundua kwamba kuna adui mwingine ndani ya simiti, kromiamu ya valensi ya sita, ambayo hupatikana kwa kiasi kidogo mno. Mtu akiigusa kwa miaka, mwili wake unaweza kuanza kuikataa. Kutoka siku hiyo kila akishika simiti mikono huvimba, huwasha, hutoa majimaji, na hali hiyo mara nyingi haimtoki maisha. Fundi wa namna hiyo hana budi kuiacha kazi aliyoisomea.

Nchini Denmark, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitumia ugunduzi huo kwa njia ambayo mwanafunzi yeyote wa kemia ataipenda. Walianza kutia salfati ya chuma kwenye simiti kiwandani. Ni vile vifuwele vya rangi ya kijani vilivyomo kwenye chupa za maabara yetu! Maji yakitiwa, salfati hiyo huigeuza kromiamu ya valensi ya sita kuwa ya valensi ya tatu, ambayo haiyeyuki kwa urahisi na haipenyi ngozi kama ile. Watafiti walipowachunguza tena wafanyakazi wa huko baadaye katika miaka hiyo hiyo ya 1980, maradhi ya ngozi ya namna hiyo yalikuwa yamepungua. Umoja wa Ulaya nao ukatoa agizo mwaka 2003, na tangu Januari 2005 simiti inayouzwa huko haitakiwi kuwa na kromiamu hiyo kupita sehemu 2 kwa kila milioni.

Hebu fikirini. Fundi wa Denmark hakuitwa semina. Hakubandikiwa bango. Hakuambiwa awe mwangalifu zaidi ya jana. Alifungua mfuko kama kawaida, akachanganya na mchanga kama kawaida, na kinga ilikuwa imo ndani ya mfuko. Ule ukali wa alikali haukuondoka, glavu na maji ya kunawa bado vinahitajika. Hata hivyo adui mmoja alikwisha kuondolewa kabla mfuko haujatoka kiwandani. Naamini utafiti ukitaka kumfikia mjenzi, hiyo ndiyo njia: uingie ndani ya kitu chenyewe anachokishika. Ukibaki kuwa maneno ya kumwambia ajihadhari, utaishia langoni.

Mfuko huo huo una somo jingine, la uzito. Mwaka 1991 wataalamu wa NIOSH waliifanyia marekebisho fomula yao ya kunyanyua mizigo. Walipima mgongo, misuli na pumzi, wakafikia kwamba mzigo usizidi kilo 23, na hapo ni katika hali nzuri kabisa: mzigo uwe karibu na mwili, uwe kimo cha kiuno, mtu asijipinde, na asirudie mara nyingi. Kila hali inapoharibika, kilo zinashushwa. Mfuko wa simiti wa Kenya ni kilo 50. Huo ni zaidi ya mara mbili, nao hauokotwi kimo cha kiuno. Huokotwa chini, ukapandishwa begani, ukapandishwa ngazi. Nchini Uingereza mfuko wa kawaida madukani siku hizi ni wa kilo 25.

Nilimsomea baba habari hizo jioni moja tukingoja chakula. Alisikiliza vizuri, kisha akasema, "Hiyo ya kilo 25 ikija, nyapara atasema beba miwili." Mama alicheka hadi akaweka mwiko chini. Mimi sikucheka, maana nilijua amesema kweli, na jibu lake halikuwa katika kitabu changu. Malipo ya mjengoni ni ya siku, na mtu wa mkono hupimwa kwa alichobeba.

Jambo la vumbi nitalieleza kwa ufupi kwa kuwa dawa yake ni fupi. Mchanga, zege na mawe mengi ya ujenzi yana silika. Ukikata kwa grainda pakavu, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, zikakaa humo. Ugonjwa wake huitwa silikosisi, hauponi, na humfanya mtu ashikwe na kifua kikuu kwa wepesi. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka silika hiyo kati ya vitu vinavyojulikana kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Na kinga? Maji. Watafiti waligundua kwamba kunyunyizia maji pale msumeno unapokata huondoa sehemu kubwa ya vumbi, na Marekani ikalitia jambo hilo katika kanuni zake za ujenzi mwaka 2016. Ila grainda ya umeme isiyotengenezwa kwa ajili ya maji isimwagiwe maji, itakuua kwa njia nyingine. Hapo ni jiwe lenyewe linaloloweshwa kwanza na kukatwa kwa patasi na nyundo, au kutafutwe mashine iliyoundwa na bomba lake.

Mashimo nayo yanadanganya watu. Udongo tunauona laini, lakini mita moja ya ujazo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, kama gari dogo. Shimo likimporomokea mtu hadi kifuani, kichwa kikiwa nje, bado anaweza kufa, kwa sababu kila akitoa pumzi udongo hujaza nafasi na kifua hakiinuki tena. Ndiyo maana kanuni za Marekani zinataka shimo likifika mita 1.5 kuta zake zichongwe mteremko au zishikiliwe kwa mbao, isipokuwa kwenye mwamba mgumu. Watu wa kwetu huchimba mashimo ya vyoo ya kina mara nne au tano ya hicho, wima kama kisima.

Mtu asije akadhani nasema Kenya haina sheria. Tunazo, tena nzuri. Kuna kanuni za shughuli za ujenzi za mwaka 1984 zinazoeleza habari za majukwaa, ngazi na reli. Kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, inayomtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Sheria hiyo hiyo inasema mfanyakazi akiona hatari kubwa ya papo hapo amwarifu msimamizi, na asilazimishwe kurudi pale kabla haijarekebishwa. Mwaka huo huo ilitungwa na ile ya kuwafidia wanaoumia kazini. Mwaka 2011 ikaundwa kwa sheria Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, ambayo huandikisha wanakandarasi na mafundi. Baba anacho kitambulisho chake, nacho hukitunza pamoja na cheti cha ndoa.

Nilipomsomea kifungu cha mfanyakazi asilazimishwe kurudi, aliniuliza, "Mwanangu, unajua asubuhi langoni huwa kuna watu wangapi wanaongoja mmoja wetu asirudi?"

Sikuwa na la kumjibu. Lakini hata watafiti wanakubaliana naye kwa namna yao. Wataalamu wa shirika la Cochrane walikusanya tafiti za nchi mbalimbali kuhusu kuzuia majeraha kwa wajenzi, wakaona kwamba ushahidi wa kanuni mpya kupunguza majeraha peke yake ni hafifu. Vivyo hivyo kuhusu mafunzo. Mwaka 2006 ilichapishwa ripoti iliyolinganisha tafiti 95 za mafunzo ya usalama, ikaonyesha kwamba kadiri mtu anavyoshirikishwa, akashika kamba mwenyewe, akafunga fundo mwenyewe na kurekebishwa, ndivyo anavyojifunza zaidi na ndivyo ajali zinavyopungua. Kukalishwa na kuhutubiwa hakufui dafu. (Hili hata walimu wetu wanalijua, ingawa si kila mwalimu.)

Basi ni nani mwenye uwezo, ikiwa fundi aogopa kufukuzwa na nyapara anakimbizwa na muda? Mtafiti wa Marekani aitwaye Michael Behm alichukua ripoti 224 za vifo vya wajenzi, akaziuliza swali ambalo wengi hawakuwa wakiuliza: je, mchoraji wa jengo angelichora vingine, mtu huyu angelikuwa hai? Mwaka 2005 alitoa jibu lake. Katika vifo 42 kwa kila 100, palikuwa na jambo katika mchoro ambalo lingeweza kusaidia. Mathalani, ukuta mfupi wa ukingoni mwa paa ukichorwa uwe wa mita moja badala ya futi moja, kila atakayepanda kuziba bati au kuosha tangi amekwisha kukingwa, leo na miaka 50 ijayo, bila mkanda wala kamba. Tofauti yake ni mistari michache ya mawe.

Uingereza ililitia wazo la namna hiyo katika kanuni zake za mwaka 1994. Mwenye jengo na mchoraji wakapewa wajibu wa kisheria kufikiria usalama wa atakayejenga, kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi. Viwanja na majumba ya michezo ya Olimpiki ya London ya mwaka 2012 vilijengwa chini ya utaratibu huo, na hakuna mjenzi hata mmoja aliyekufa kazini pale. Kazi ilikuwa ya miaka kadhaa na watu maelfu.

Hapo ndipo penye siri, kwa maoni yangu. Nilimwuliza baba kwa nini mkandarasi hafungi reli, na ni mbao mbili tu na misumari. Alinieleza jambo ambalo halikuwa katika vitabu nilivyosoma. Kazi hupewa aliyetaja bei ya chini. Mkandarasi akitia bei ya mbao za reli, helmeti na glavu, na mwenzake asitie, mwenzake ndiye atakayeipata kazi. Kwa hiyo anayejali anaadhibiwa. Lakini mwenye jengo akiandika tangu mwanzo katika hati ya makadirio kwamba reli ni kiasi hiki na helmeti ni kiasi hiki, wote watataja, na hakuna atakayeshinda kwa kuwanyima watu. Nikaona kwamba ni mambo yale yale ya simiti ya Denmark. Kinga imetiwa ndani kabla mfuko haujafunguliwa, ila safari hii mfuko ni hati ya bei.

Na hapa shuleni mwenye jengo ni nani? Ni shule yenyewe. Mlezi wa chama chetu alipoisoma rasimu ya makala haya, alinichukua hadi kwa Mwalimu Mkuu pamoja na zile hesabu zangu za kilomita 39 na 48. Nilitetemeka kidogo, sikufichi, msomaji. Mwalimu Mkuu alizirudia hesabu kwa kikokotoo chake mwenyewe (alikuwa mwalimu wa hisabati), akanyamaza, kisha akauliza baba amesimama upande gani. Hakwenda kwa baba wala kwa nyapara. Alimwita mkandarasi.

Nitawaeleza yaliyotokea, na yasiyotokea pia. Reli zilifungwa ukingoni mwa slabu ya kwanza kwa siku mbili, mbao moja kimo cha kiuno na nyingine gotini, na ubao wa tatu ukalazwa chini ili nyundo na mawe yasiteleze kuanguka. Njia ya bombani ikahamishwa, ndiyo maana siku hizi tunazunguka kwa nyuma ya jikoni na kunung'unika. Lori la simiti sasa hushusha mahali pa kuchanganyia, si langoni, na kwa hivyo mfuko wa kilo 50 haubebwi tena kuvuka uwanja. Husukumwa kwa toroli hatua chache. Mfuko wenyewe ni ule ule. Helmeti zililetwa 8, nao ni watu 14, kwa hiyo huazimana, na baba hutoa zamu yake kwa yule kijana anayekaa chini akipokea ndoo, kwa kuwa, asema, vitu huanguka kuelekea chini. Mwalimu wa fizikia aliposikia hayo alisema huyo mzee angefaulu somo lake. Mikanda ya kujifunga haikuja. Mkandarasi alisema haikuwa katika bei, na kwa kweli haikuwa.

Kuhusu ule ukuta wa paa, michoro tuliyonayo inaonyesha futi moja na nusu. Mwalimu Mkuu aliahidi kuliuliza jambo hilo katika mkutano wa halmashauri ya shule, na tunangoja. Bado kuna wakati, kwa sababu paa halitafikiwa kabla ya mwaka ujao.

Slabu ya pili ilimwagwa wakati wa likizo ya Agosti, sisi tukiwa nyumbani. Baba alirudi usiku, nguo zikiwa zimekauka simiti, akala kimya kama kawaida ya siku ya slabu. Nilimuuliza habari ya reli. Akasema mbao zilitolewa ghorofa ya chini, ambako kuta zimekwisha kuinuka, zikapigiliwa juu tangu asubuhi kabla ya ndoo ya kwanza kupanda.